UZI: Watu wa Kusini, imani yetu isiwe ya msimu wa korosho tu. Tupeane moyo wa kila siku hapa

Mlei wa Masasi
Bwana Yesu asifiwe wadau, na ndugu zangu waislamu mliomo humu asalaam aleykum, karibuni wote.

Hili jambo nimelibeba moyoni mda mrefu nikaona nilimwage hapa maana najua humu tupo wengi wa Mtwara na Lindi, na wengine mpo Dar lakini mikorosho ipo Tandahimba na Ruangwa. Huku kwetu maisha yote yanasubiri msimu. Ada ya mtoto, msimu. Bati za nyumba, msimu. Mahari, deni la dukani, kumpeleka bibi akapimwe macho, msimu ukifika. Silaumu, uchumi wetu ndo ulivyo, hela inaingia minada ikianza Oktoba na kufika Machi mvua inapiga, mahindi bado shambani na mifuko imekauka. Kinachoniuma ni kwamba na imani tumeiingiza kwenye kalenda hiyo hiyo. Novemba kanisa limejaa, sadaka za mavuno, shukrani, kwaya ina sare mpya. Njoo Februari uone mabenchi. Na ukimuuliza mtu anakwambia ngoja kwanza mambo yakae sawa ndo nitamtumikia Mungu vizuri, ngoja nimalize nyumba, ngoja nipate kazi, ngoja nihamie Dar. Miaka inakatika mtu anangoja tu aanze kuishi.

Someni Kutoka 16 leo jioni. Watu wapo jangwani, hamna shamba hamna ghala, Mungu anawapa mana kila asubuhi, pishi moja kwa kila mtu, imeisha hiyo. Aliyejaribu kuilimbikiza mpaka kesho yake iliota mabuu ikanuka, isipokuwa siku ya 6 waliambiwa waokote mara mbili kwa ajili ya sabato na ile ya sabato haikuoza. Wamekula hivyo miaka 40. Watoto wamezaliwa, wamekua, wameoa, hawajui chakula kingine zaidi ya kilichodondoka asubuhi ile.

Sasa wengi tunaishia hapo hatufiki Yoshua 5:12. Pale walipoingia Kanaani wakala mazao ya nchi, mana ikakoma. Nikisoma huo mstari nawaza sana kuhusu sisi. Mungu hajakataza mavuno ya msimu wala hajasema korosho na ufuta ni vitu vya kidunia, yeye aliyewapa mana ndo huyo huyo aliyewapa ngano ya Kanaani, ila waliingia kwenye mavuno wakiwa wameshajifunza kumtegemea asubuhi kwa asubuhi. Sisi tunataka kuanzia kwenye mavuno. Ndo maana hela ya Novemba inatuvuruga, mtu anaoa mke wa pili wa msimu, ananunua pikipiki anaiuza Aprili kwa hasara, halafu anasema Mungu kamsahau. Na Yesu alipofundisha kusali alisema tuombe riziki ya LEO. Angeweza kusema ya mwaka mzima, hakusema.

Kitu cha pili, Yeremia 29:11. Huu mstari kila mtu anao, upo kwenye stetasi, upo nyuma ya bajaji, kwamba Mungu anatuwazia mawazo ya amani na sio ya mabaya, kutupa tumaini siku za mwisho. Ni kweli na ni neno la Mungu. Lakini ule mstari umetolewa kwenye barua, na barua iliandikiwa watu waliochukuliwa mateka wakapelekwa Babeli, na mstari wa 10, mmoja tu kabla yake, unasema itachukua miaka 70. Sabini! Mtu mzima aliyekuwa anasomewa ile barua alijua kabisa kwao harudi. Na sura ya nyuma yake, ya 28, kuna nabii anaitwa Hanania aliwaambia watu tulieni, ndani ya miaka 2 kila kitu kinarudi. Bila shaka wengi walimpenda huyo, nani hapendi kuambiwa miaka 2. Alikuwa muongo na alikufa mwaka ule ule.

Sasa katikati ya miaka 70 Mungu aliwaambia wafanye nini? Hakuwaambia wakeshe wakiangalia barabara ya kurudi. Mstari wa 5 mpaka wa 7: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni mzae, muutafutie amani mji ule mliopelekwa na muuombee. Yani kusudi la Mungu kwao lilikuwa na jembe na tofali na jirani wa kumsalimia. Ndo hapo hapo mstari wa 11 unapokaa. Ukiung'oa pale ukaubandika kwenye stetasi peke yake unageuka kuwa ahadi ya msimu.

Na sisi watu wa huku tuna ushuhuda wa jambo hili kwenye ardhi yetu wenyewe, wala hatuhitaji kwenda Babeli. 1876 Askofu Steere wa UMCA, misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza, alishuka Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Safari ilikuwa ya kuwarudisha kwao, upande wa ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya haya majabali yetu, wakaona ardhi nzuri na maji yapo, wakakaa. Fikiria mtu aliyeibwa kwao mtoto, kauzwa, kakombolewa baharini au Zanzibar, anatembea kurudi nyumbani, halafu nyumbani hafiki. Anaanza kupanda mtama sehemu asiyoijua. 1882 wakaja Magwangwara, yani wapiganaji wa Kingoni, wakaichoma misheni, wakaua, wakateka watu, yani mtu aliyetoka utumwani anatekwa tena. Kazi ikahamia Newala, baadae ikarudi Masasi ikaendelea, mpaka 1926 Masasi ikawa dayosisi. Babu zetu wengi tuliobatizwa huku imani yao imepita mikononi mwa wale watu ambao hawakufika walikokuwa wanaenda.

Kwahiyo wewe unayesema kusudi langu litaanza nikitoka Mtwara, hebu litazame hilo tena. Asubuhi ya leo Mungu amekupa nini mkononi? Mtoto wa kumwogesha, boda ya kuendesha, shamba la kupalilia kabla maua ya mikorosho hayajatoka, mgonjwa wa kumsalimia. Hicho ndo cha leo.

Mimi sio mchungaji wala katekista, ni mlei tu. Uzi huu nauomba uwe wa kupeana moyo, kila mmoja aseme anaishije imani yake katika siku ya kawaida, sio Pasaka wala Krismasi. Siku ya jumanne isiyo na kitu. Karibuni.

Mama lishe Chikongola
Amina mtumishi, umenigusa hapo kwenye jumanne. Mimi napika sokoni, naamka alfajiri nawasha mkaa, na kwa miaka mingi nilikuwa najiona kama mkristo wa daraja la chini kwa sababu maombi ya katikati ya wiki siwezi kwenda, mda ule ndo wateja wa mchana wanamalizika na vyombo vimejaa beseni. Wenzangu wananiambia mama fulani umepoa kiroho. Nilikuwa naumia jamani.

Sasa kuna mama mmoja mtu mzima wa jumuiya yetu aliniambia mwanangu, nikikoroga uji nasali kwa ajili ya atakayeunywa. Basi na mimi nikaanza hivyo. Nikisonga ugali namtaja mtu. Wale vijana wa kubeba mizigo najua majina yao na shida zao, yupo ambaye mama yake kalazwa hospitali ya Ligula, yupo ambaye hajaonana na baba yake toka amezaliwa. Asiye na hela siku hiyo anakula, tunaandika, na wengine wala siandiki. Sijahubiri hata siku moja pale, ila kuna kijana alikuja akaniuliza mama unasali kanisa gani nataka nije. Nililia pale pale kwenye moshi.

Kijana wa Shangani
Kaka Mlei shikamoo kama umenizidi. Niseme ukweli mimi huo mstari wa 29:11 ndo niliandika kwenye daftari siku naanza chuo. Nimemaliza, nimerudi nyumbani Mtwara, nimetuma maombi ya kazi mpaka nimechoka, usaili nimeenda mpaka Dodoma kwa nauli ya kukopa kwa mjomba. Sasa hivi nashinda home, mama haniambii kitu ila namwona anavyoniangalia. Wenzangu wananiposti maofisini. Hiyo habari ya jengeni nyumba mpande bustani naielewa lakini najengaje na sina hata bando? Naomba jibu la kweli sio la kunifariji tu.

Mlei wa Masasi
Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kusema wazi, humu wengi wapo kama wewe wanasoma kimya.

Sitakwambia kazi itapatikana wiki ijayo, nitakuwa Hanania. Ninachokiona kwenye Maandiko ni hiki: Yusufu alipokuwa gerezani Misri hakuwa na mkataba wala mshahara, na kosa hakufanya, amesingiziwa. Na Mwanzo 40 inasema asubuhi moja aliingia akawaona wale wafungwa wawili, mnyweshaji na mwokaji wa Farao, nyuso zimekunjamana, akawauliza mbona leo nyuso zenu mbaya? Swali la kawaida kabisa. Mtu aliyekata tamaa na maisha yake haoni sura ya mwenzake imekunjamana. Kila kitu kilichofuata, ndoto, Farao, ghala za ngano, kilianzia kwenye swali lile. Na hata hivyo mnyweshaji akamsahau miaka 2 mizima! Sio kwamba ukiwa mwema leo kesho unalipwa.

Kwahiyo swali langu kwako, hapo Shangani ulipo, kuna sura gani unaiona kila siku? Umesoma nini chuo? Kuna mtu mtaani anahitaji hicho ulichosoma hata bila cheti? Endelea kutuma maombi ya kazi, usiache, ila usikubali siku yako ya leo iwe chumba cha kusubiria.

Kijana wa Shangani
Nimesoma ualimu wa hesabu na fizikia kaka.

Mpita Njia 81
Samahanini naomba niulize bila kugombana. Mimi nimelelewa kanisani hapo Lindi ila siku hizi siendi. Naona watu wetu wanafarijiwa sana halafu wanabaki masikini. Mama anafunga na kuomba, ada haijalipwa, mtoto karudishwa. Hizi imani za kila siku zinamsaidia nini mtu ambaye tumbo lake lina njaa Februari? Kama ni kuvumilia tu basi hata mbuzi anavumilia.

Nesi wa Zamu
Ndugu Mpita Njia swali lako ni la haki kabisa na nafikiri hata Yesu asingekufukuza kwa kuliuliza.

Mimi ni muuguzi, hospitali sitaitaja. Zamu ya usiku wodi ya wazazi unaweza kuwa na kina mama wengi na mikono yako miwili tu. Nimeona imani ya aina mbili pale. Ipo ile inayomwambia mama usiende hospitali kwanza tukuombee, anakuja amechelewa, hiyo inaniuma na inatuua. Na ipo ile inayomfanya binti wa kijijini mume wake auze mbuzi mapema, aweke hela ya usafiri, afike kabla uchungu haujawa hatari, na bibi yake anakaa nje kwenye benchi na rozari usiku kucha. Zote zinaitwa imani lakini moja ina miguu.

Kwa upande wangu mimi binafsi mstari unaonibeba ni Wakolosai 3:23, lolote mfanyalo lifanyeni kwa moyo kama kwa Bwana. Watu wanausoma kwenye semina za maofisini lakini angalia mstari wa 22, Paulo anaongea na watumwa. Mtu ambaye kazi hakuichagua, mshahara hana, bosi hamshukuru. Anaambiwa kuna anayekuona. Haimaanishi utumwa ulikuwa sawa, hapana, ila yule mtu hakuachwa bila heshima mpaka siku utumwa utakapoisha. Saa 9 usiku hakuna mkubwa anayeniona kama nimenawa mikono kati ya mama mmoja na mwingine. Nanawa. Hiyo ndo sala yangu ya saa 9 na sijui kama nina nyingine bora zaidi.

Mlei wa Masasi
Dada Nesi Mungu akulinde na mikono yako.

Ndugu Mpita Njia naongezea kidogo tu, Yakobo 2:15 na 16 inakuunga mkono kabisa. Anasema mkimwona ndugu hana nguo na hana riziki ya siku ile mkamwambia enenda kwa amani ukaote moto ukashibe, na hamjampa kitu, yafaa nini? Ameandika riziki ya SIKU. Kwahiyo kanisa linalomwambia mama yako vumilia halafu halimchangii ada limeisoma Biblia nusu. Ninachokikataa mimi ni kusema kwa kuwa njaa ipo basi imani ni bure. Nani alikuwa analisha watu huku kabla barabara ya lami haijafika? Nenda Ndanda, nenda Nyangao, hospitali zile na shule zilijengwa na wamisionari Wabenediktini, watu wanaosali mara kadhaa kwa siku, saa zimepangwa, kengele ikigonga wanaacha jembe. Sala haikuwazuia kuchimba msingi.

Mjukuu wa Newala
Naomba niseme la kangomba maana hapa ndo penyewe.

Kwa wasiojua, kangomba ni ile mtu anakuja kwako mwezi wa njaa, mikorosho haijatoa hata ua, anakupa hela kidogo au debe la mahindi halafu korosho zako za msimu ni zake kwa bei anayoitaka yeye. Sheria inakataza, stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kupeleka korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, ililetwa kwa ajili ya kuokoa mkulima na vitu vya namna hiyo, lakini njaa haisomi sheria. Huku kwetu uwandani mtu anauza jasho la mwaka mzima kwa chakula cha wiki. Na mnada ukifika anakaa anasikiliza bei inatajwa na yeye hana hata kilo moja ghalani.

Nikisoma Mwanzo 25 namwona Esau ni mtu wa kangomba. Katoka mawindoni amechoka, ana njaa kweli sio ya kujifanya, anasema mimi ninakaribia kufa haki ya mzaliwa wa kwanza itanifaa nini. Anaiuza kwa mkate na dengu. Nilikuwa namdharau Esau zamani, siku hizi namhurumia. Shida yake ilikuwa ni kuamini kwamba siku ile ya njaa ndo siku pekee iliyopo.

Na tunafanya hivyo na maisha yetu vijana. Binti anamkubali mtu mzima mwenye gari Februari. Kijana anaingia kwenye mambo ya kubeti na hela ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Ndo maana naungana na mleta uzi, imani ya kila siku ni kinga ya kangomba. Ila niongeze, na sisi wenye nacho kidogo tusingoje mtu auze ndo tumhukumu. Kwenye jumuiya yetu tulianza kuweka mahindi kidogo kidogo mwezi wa 6 yakiwa mengi, kila nyumba inaleta inachoweza, na Februari anayezidiwa anapewa bila maneno, atarudisha akivuna. Sio gunia nyingi. Lakini wapo ambao mwaka huo hawakumfuata mtu wa kangomba.

Bint Mikindani
Waaleykum salaam mleta mada. Mimi muislamu na nimesoma uzi wote. Huku kwetu nyumba moja unakuta shangazi anaenda msikitini na binamu yake anaenda kanisani, kwahiyo haya sio mageni. Hilo la asubuhi tunalo na sisi, alfajiri kabla kazi haijaanza unaanza na Mola wako. Mama yangu jirani yake mkristo walikuwa wanaamshana, huyu akisikia adhana anaamka anasali ya kwake. Alipofiwa huyo mama, sisi ndo tulipika msibani mpaka arobaini. Nimefurahi hiyo barua uliyosema ilitaja kuutafutia amani mji, maana mji ukiwa na amani hauchagui. Allah awabariki katika kheri.

Mlei wa Masasi
Dada yangu wa Mikindani asante sana, huo mstari wa 7 unasema katika amani ya mji ule ninyi mtapata amani. Mmeutimiza pale msibani.

Mzee wa Nachingwea
Wanangu hamjambo. Nimeonyeshwa huu uzi na mjukuu, ananiandikia yeye mimi nasema.

Nyangao mmeitaja, niseme kitu mkiitaja muitaje yote. 1905 vita ya Maji Maji misheni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa, na Askofu Kasiani Spiss aliuawa Agosti mwaka huo akiwa safarini upande wa Liwale na wenzake. Lakini waliochoma hawakuwa wendawazimu. Watu walikuwa wamechoshwa na utawala wa Mjerumani, kodi, viboko, kule Matumbi wanalimishwa pamba kwa nguvu. Mzungu wa serikali na mzungu wa misheni kwa macho ya mwananchi walikuwa wamoja. Baada ya vita njaa iliua watu wengi sana huku kusini kuliko hata risasi. Na 1906 Ndanda ikaanzishwa. Kwenye nchi yenye makaburi mapya pande zote mbili, watu wakaanza kukaa tena pamoja, kufundisha watoto na kufunga vidonda. Mimi hilo ndo naliita imani, maana kusamehe kulitakiwa pande zote.

La pili ni Habakuki sura ya 3 mwishoni, mzee mwenzangu yule. Anasema mtini usipochanua, mizabibu isipozaa, mashamba yasipotoa chakula, zizi halina ng'ombe, yeye atamfurahia Bwana. Nimekaa na mikorosho toka kijana. Nimeona ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, unakausha maua yote mwezi wa 7 unabaki unaangalia matawi meusi. Nimeona bei nzuri na bei mbaya, na 2018 ile Shilingi 3,300 kwa kilo ilivyotangazwa na serikali na watu walivyokaa wakingoja hela. Habakuki haombi asione shamba tupu. Analitaja shamba tupu kitu kimoja kimoja, hafichi. Vijana wa siku hizi mkikiri mnaogopa kutaja shida mnasema ni kukosa imani. Tajeni. Yeye alitaja halafu akaimba.

Nahodha wa Msimbati
Shikamoo mzee. Na sisi wa baharini msitusahau, kwetu hamna msimu wa korosho ila kuna bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, na maji mafu yakipungua nguvu, na kusi likivuma hata mwezi unaweza kulala nchi kavu. Nilikuwa naipenda Luka 5 pale Petro anasema tumefanya kazi usiku kucha hatukupata kitu. Mahubiri mengi yanakimbilia nyavu kukatika kwa samaki. Mimi nakaa kwenye mstari wa 2, wavuvi wametoka chomboni wanaosha nyavu. Hawajapata hata dagaa na wanaosha nyavu! Mvuvi anajua uchungu wa kuosha nyavu tupu. Lakini kama wangezitupa pale mchangani kwa hasira Yesu angewakuta hawana cha kushusha. Huwa nawaambia vijana wangu chomboni, usiku wa bure na nyavu zioshwe vile vile.

Mama lishe Chikongola
Nahodha hili naenda nalo sokoni kesho.

Mgeni wa Masoko
Naomba kuuliza, mimi sina mazoea ya kusoma Biblia, naanzaje ya kila siku? Nikijaribu nafika Mambo ya Walawi nakwama naacha.

Mlei wa Masasi
Dada au kaka, usianzie Mwanzo ukitaka kumaliza yote kama mtihani. Chukua Zaburi moja asubuhi kabla hujashika simu. Anza na ya 90, ndo ile inasema utujulishe kuzihesabu siku zetu, na mstari wa 14 anaomba utushibishe asubuhi kwa fadhili zako. Fupi, dakika chache. Halafu Injili ya Marko kipande kidogo jioni, mambo yake yanaenda haraka, Yesu anatembea anaponya anakula na watu. Siku ukishindwa kuamka usijipige, Maombolezo 3 inasema huruma zake ni mpya kila asubuhi, na ujue yaliandikwa mji wa Yerusalemu ukiwa umeshachomwa, mwandishi hakuwa kwenye raha. Kama husomi vizuri simu nyingi zina Biblia ya kusikiliza, unaweza kusikiliza ukiwa unabangua korosho. Na tafuta mtu mmoja wa kumwambia ulichosoma. Peke yako utachoka.

Mpita Njia 81
Mzee wa Nachingwea nimekusoma mara mbili. Sina la kubisha leo. Hilo ghala la mahindi la Newala, mnapangaje nani apewe bila watu kuoneana aibu? Nauliza kwa sababu mtaani kwetu Lindi tunaweza kufanya hata bila kanisa kutuambia.

Mjukuu wa Newala
Kaka tulichagua kina mama wawili watu wazima wanaojua nyumba zote, wao ndo wanapeleka usiku, sisi wengine hatuulizi kaenda kwa nani. Kitabu wanacho wao. Mahindi yakaushwe vizuri kwanza na muweke dawa ya kuhifadhia au mifuko ile isiyopitisha hewa, la sivyo dumuzi wanamaliza kabla ya Krismasi. Anzeni kidogo.

Kijana wa Shangani
Wadau narudi. Nimeongea na mwalimu wa sunday school kanisani kwetu, kuna darasa linakaa tupu jioni. Nimeanza kufundisha hesabu watoto wa form two wa mtaani, wakristo na waislamu mchanganyiko, wamekuja wengi kuliko viti. Hamna hela, mzazi mmoja kaniletea mihogo na nazi, mama kapika, tumekula. Maombi ya kazi bado natuma. Ila vitabu ni shida kubwa, wanashea kimoja watoto sita. Kuna mwenye vitabu vya zamani vya hesabu vya sekondari amevifungia tu ndani?

Nesi wa Zamu
Ninavyo vya mdogo wangu, vya form one mpaka four, na mitihani ya nyuma ipo. Vipo Masasi kwa mama.

Mlei wa Masasi
Dada nitumie ujumbe wa siri uniambie nivifuate wapi hapa Masasi, jumamosi navipakia kwenye basi la asubuhi. Kijana uwe stendi Mtwara mchana, na ubebe mtu wa kukusaidia maana na mimi nina boksi langu la fizikia.